Bima ya Mkono wa Shangazi

Chekeni tu. Mimi fundi viatu, ninayejifanya kusimulia haya kwa busara, ndiye niliyekuwa wa kwanza mtaani kumpa Profesa pesa. Risiti yenyewe niliibusu.

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote. Jina alipewa kwa sababu ya miwani. Fursa aliiona akiwa kwenye benchi la zahanati, alikokwenda kukamuliwa jipu. Mama mmoja kwenye foleni alikuwa analalamika: "Kuumwa siogopi mie. Naogopa wiki mbili za kulala na kazi imelala." Foleni nzima ikaitikia, "Kweli kabisa!" Profesa akalisahau jipu. Dawa ya ugonjwa hakuwa nayo, lakini dawa ya hofu ni karatasi na mhuri, na mchonga mihuri alikuwa rafiki yake.

Siku ya pili, tai shingoni, mkoba kwapani, akatua kwenye baraza tunaloshonea mimi na mafundi cherehani wanane.

"Ukiugua, ukivunjika, ukiteguka, kampuni yangu inakulipa kipato chako kila mwezi mpaka upone. Wewe unalala, hela inaamka!"

"Hata nikiumia kidole?" nikauliza.

"Kidole kipi, mzee wangu?"

"Gumba."

"Gumba tunalilipia mara mbili."

Jamani, ningefanya nini? Nikatoa akiba yote ya kununulia ngozi. Wenzangu wakafuata, na kwa ujinga wangu nikamnunulia na soda, maana koo lilikuwa limemkauka kwa kutudanganya.

Wa mwisho kulipa alikuwa Shangazi, fundi mkubwa wa baraza na mwenyekiti wa chama cha mafundi. Hakuwa shangazi wa yeyote pale, ila hakuna aliyethubutu kumpita bila shikamoo. Akahesabu pesa, akapokea risiti, akamtazama Profesa.

"Ndiyo basi, mwanangu? Tumemaliza?"

"Tumemaliza, Shangazi. Umeshakingwa."

"Haya. Jumamosi chama kinakutana. Wanachama sitini. Uje uwaeleze na wao."

Profesa alikuwa amepanga kupotea Ijumaa. Lakini sitini! Tamaa mbele, mauti nyuma: methali hiyo aliijua vizuri, ila aliamini imetungwa kwa ajili ya watu wengine.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Profesa alipoingia akamkuta Shangazi kaketi mbele, mkono wa kulia umefungwa bandeji kuanzia vidoleni hadi begani. Mimi niliingiwa na huruma, halafu, Mungu anisamehe, nikaingiwa na wivu. Bima hata wiki haijamaliza, mwenzangu keshavunjika!

"Nimeanguka bafuni," Shangazi akasema. "Miezi mitatu nisiguse cherehani. Na nina sare za shule mia mbili." Akauweka sawa mkono wa bandeji. "Mwaka jana nililala na ugonjwa wa mapafu. Niliuza cherehani moja ili wanangu wale. Wateja waliondoka, wengine hawajarudi mpaka leo. Ile hofu siitaki tena. Sasa nina bima, si ndiyo?"

Watu wakainamisha vichwa. Profesa akatupa jicho mlangoni. Mlango ulikuwa umejaa mafundi.

Ndipo mweka hazina alipoweka mezani bahasha nene, imeshonwa kwa mashine pande zote nne. "Michango ya wanachama sitini," akasema. "Wanataka tu kuona bima ikilipa. Mwezi mmoja tu wa Shangazi, halafu uchukue."

Profesa akaitazama bahasha, akameza mate. Bila chambo hupati samaki.

"Kampuni yangu hailipi maneno!" akatangaza. Akamimina pesa zetu zote mezani. Hazikutosha, maana Shangazi alikuwa na kipato kizuri. Akaongeza kodi yake ya nyumba. Bado. Akainama, akavua kiatu, akatoa noti ndani ya soksi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi ni mimi.

"Usiifungue njiani," mweka hazina akamwonya. "Ifunguliwe ofisini kwenu, ipigwe mhuri."

"Bila shaka," akasema Profesa. Angeukataaje mhuri, yeye aliyetutuliza hofu kwa mhuri?

Alitembea kwa heshima mpaka kona, halafu akatimua mbio. Yaliyofuata tuliambiwa na kinyozi mmoja, aliyeombwa wembe wa kufumulia bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na vitambaa vilivyokatwa kwa kipimo cha noti, na kila kimoja kimepigwa pindo pande zote. Fundi wa kweli hata akitapeli hawezi kuacha kitambaa kikifumuka nyuzi. Kinyozi anasema Profesa aligeuza kimoja, akageuza kingine, akasema kwa sauti ndogo, "Pindo safi," akaomba kazi ya kufagia nywele.

Huku ukumbini Shangazi alikuwa anafungua bandeji yake, na kila mwenye risiti akarudishiwa pesa zake.

"Ulimjuaje?" nikamuuliza.

"Mwaka jana, nilipopona, nilikwenda kwenye bima ya kweli. Waliniuliza maswali arobaini. Nakohoa? Nimelazwa mara ngapi? Bibi yangu alikufa kwa ugonjwa gani? Halafu wakanikataa. Huyu kapokea pesa yangu bila kuniuliza hata kama ninapumua. Nikajua hana nia ya kumlipa mtu."

Kodi ya nyumba na za soksi tukazifanya mfuko wa wagonjwa wa baraza, wetu wenyewe, Shangazi ndiye mtunzaji. Wiki iliyofuata nikaamka mgongo unauma, nikajikokota kwenda kudai. Shangazi akanikaribisha kiti, akavaa miwani, akafungua daftari. Tulipofika swali la tisa mgongo ulikuwa umepona kabisa, nikarudi kushona viatu.