Mwanzilishi Halali wa Mji wa Nyamigota

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Nyamigota, mji mdogo ulio nusu saa kutoka Musoma, walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu mji wao utakuwa na historia. Waliokuwa wakiishi bila historia walisamehewa.

Mtendaji wa mji, Bwana Stanislausi Masatu, aliunda Kamati ya Uibuaji na Uboreshaji wa Historia, akajiteua mwenyekiti, akajipongeza. Wazee walieleza kuwa mji ulianza pale lori la pamba lilipokatika ekseli, na bibi wa mama ntilie Getruda akawauzia uji waliokwama. Kamati ilipokea maelezo hayo kwa shukrani na kuyakataa. Mji wenye dira hauzaliwi na uji.

Baada ya tafakuri ya kina, ilibainika kuwa mwanzilishi ni Mzee Masatu, babu yake mwenyekiti. Ilibainika pia kwamba makazi yake yalikuwa palepale penye mgahawa wa Getruda, mkabala na gesti ya mwenyekiti. Kwa mujibu wa mwongozo, kwenye makazi ya mwanzilishi huvunjwa majengo yote ili pawe bustani ya kumbukumbu. Wageni wa bustani wangehitaji bia na vitanda, na kwa bahati nzuri gesti ilikuwa jirani. Stanislausi alishika brashi mwenyewe, akapiga X nyekundu ya kubomoa ukutani kwa Getruda.

Getruda hakuwa na pengine pa kupikia. Ugali wake wa udaga, ule wa muhogo mkavu, na samaki sato ndio uliolisha nyumba yake nzima.

"Hii inafutikaga, baba?"

"Haifutiki, mama. Rangi ya serikali hiyo."

Siku ya uzinduzi zilikuja tarumbeta na mgeni rasmi kutoka mkoani. Aliuliza kama kuna mwenye neno, akitumaini hayupo. Getruda akasimama.

"Mheshimiwa, nakubali. Mzee Masatu ndiye mwanzilishi. Mtu mkubwa kabisa!"

Stanislausi alipiga makofi kuliko wote.

"Ila huku kwetu mzee anazikwaga nyumbani kwake. Hazikwagi kwa watu. Twende tumsalimie kwanza."

"Kaburi liko wapi?" aliuliza mgeni rasmi.

Watu wakaangalia chini. Nyamigota nzima ilijua, maana mji mzima ulishakunywa bia juu yake.

"Pale gesti," alisema Getruda. "Chini ya vigae vya baraza. Wanapangaga kreti hapo."

"Mwenyekiti, ni kweli?"

Stanislausi alipiga hesabu. Akikana kaburi, amemkana babu mbele ya ukoo wote. Akikubali, gesti imekwenda. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliona aibu.

"Ni babu yangu," alisema.

Mgeni rasmi aliagiza mwongozo ufuatwe: bustani ihamie kaburini, mgahawa uachwe. Brashi ikaletwa. Kwa kuwa ndiye mwenye dhamana, Stanislausi alipiga X ya gesti kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni, akiwa na njaa, alivuka barabara. Alimkuta Getruda anasugua ukuta kwa tambara na petroli. Rangi ya serikali ilikuwa inatoka vizuri tu.

Stanislausi aliliangalia lile tambara, kisha akageuka kuiangalia gesti yake.

"Ya kwako usiiguse, baba," alisema Getruda. "Ile ni historia."