Mwizi wa Kwanza Kukiri

Jumatatu, 3 Machi
Nimeibiwa! Si simu, si viatu. Nimeibiwa kisa. Kile cha jirani anayeanika mablanketi mabichi kwenye kamba yetu, nilichokitolea jasho kwenye blogu yangu, kipo kwenye ukurasa wa jamaa anayejiita Mzee wa Vituko. Neno kwa neno. Hata "mke wangu" kamchukua! Na mke wangu mwenyewe nimemkuta anakisoma huko, anacheka hadi machozi. Kwangu hakucheka. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kule maandishi makubwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwandikia mwizi barua ya kiungwana, yenye uchungu. Hakujibu. Jioni nikaikuta ukurasani kwake, kaibandika kama yake: jamani, kuna watu hawana haya, wanaiba jasho la wenzao. Wasomaji wamempa pole mpaka basi. Mmoja kamsihi asikate tamaa. Huyo mmoja ni shemeji yangu!

Jumatano, 5 Machi
Makubwa! Mhariri wa gazeti la Jumapili kapiga simu. Anataka kumpa safu ya kila wiki mwenye visa vile, ila wenye visa tumejitokeza wawili. Nikamwambia mbona jambo lenyewe jepesi, atazame tarehe. Aliyeanza kubandika ndiye mwenye mali. Akakubali, ataamua Ijumaa. Safu! Tangu shuleni naililia. Tena mama mkwe hulisoma gazeti hilo mpaka matangazo ya magodoro, na hadi leo hunitambulisha kwa wageni kama "yule anayekaa na binti yangu". Nikiikosa safu hii, nitabaki kuwa yule.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa yake. Bwana huyu hunakili bila kusoma. Basi asubuhi nimebandika kwenye blogu yangu: "Mimi ni mwizi. Visa vyote vya hapa nimeviiba. Naomba radhi." Mke wangu akauliza kama nimelifikiria vizuri. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Kabla ya chakula cha mchana, jamaa keshanakili, na picha yake juu! Nikacheza sebuleni peke yangu, nikagonga goti kwenye meza. Mke wangu akashauri basi nifute ya kwangu. Nifute? Si tarehe ndiyo itakayoonyesha kwamba nilianza mimi?

Ijumaa, 7 Machi
Tarehe imeonyesha kwamba nilianza mimi. Mhariri ametazama kama nilivyomshauri, na mwizi wa kwanza kukiri ni mimi. Kanipongeza kwa ujasiri. Nikaeleza, nikaeleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kunuka wizi. Mama mkwe naye kapiga. Kasema yeye alijua zamani. Nimeumia, sifichi. Nikakaa kitandani na soksi moja.

Mke wangu akaninyang'anya simu. Akamsalimia mhariri vizuri, kisha akamwambia: "Mke wa kwenye kile kisa ni mimi. Muulize huyo mwenzake, yale mablanketi mwisho wake ulikuwaje? Huyu wangu bado hajauandika."

Mhariri akamuuliza. Mzee wa Vituko akaomba apewe muda kidogo. Punde si punde ujumbe ukaingia kwenye blogu yangu, kutoka kwa mwizi mwenyewe: ndugu, sehemu ya pili lini? Tukamrushia mhariri. Kacheka mpaka akapaliwa. Safu yangu! Nimembeba mke wangu hadi mlangoni, kiuno kikakataa.

Jumapili, 9 Machi
Gazeti limetoka. Jina langu, picha yangu, kitambi nimekibana. Mama mkwe kamwambia muuza magazeti kwamba huyu ni mkwe wake. Mkwe! Nimelirudia neno hilo mbele ya kioo. Mhariri kaniusia niandike tu, mitego niachane nayo. Nikaitikia. Mke wangu katoka kwenda kutafuta nakala zaidi.

Lakini Mzee wa Vituko keshainakili safu! Leo namaliza kazi. Nimebandika kwenye blogu: "Kwa masikitiko makubwa, mwandishi wa visa hivi amefariki ghafla asubuhi ya leo." Anakili tu, aone. Marehemu ataiba nini tena?

Simu inaita mfululizo. Mama mkwe, mhariri, shemeji. Pongezi hizo, nitapokea baadaye. Dirishani naona majirani wanapanga viti uani, wamenyamaza kwa heshima. Hatimaye mtaa umejua kwamba una mwandishi.