Kompyuta Ishirini Ndani ya Ghala la Mbegu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Waheshimiwa madiwani mliofika. Waheshimiwa mliotuma udhuru. Waheshimiwa ambao hamkutuma udhuru ila tunajua mmesimama Mikese mnakula nyama choma. Ndugu Gulam, mwenye duka mjini, uliyetuazima spika. Wazee wangu wa huku mlimani, juu ya Bigwa, shikamooni! (Marahaba, hafifu.)

Mimi, Mratibu wa Mpango wa Kijiji Digitali, ambaye pia ninakaimu nafasi ya Msimamizi wa Mratibu, nimesimama kwa unyenyekevu, unyenyekevu ambao nimewahi kutunukiwa cheti chake, kuzindua Kituo cha Kompyuta katika jengo hili lililo nyuma yangu, lililokuwa ghala la mbegu la kikundi cha Bi Mwanaasha, na ambalo katika fremuweki ya maendeleo, tukiwashirikisha mastekiholda wote, tulilichukua kwa muda. (Bi Mwanaasha: "Mwaka wa pili huu! Maharage ya mbegu yanaotea uvunguni. Mwezi ujao tunapanda nini?") Asante, mama. Hoja imepokelewa, na itaendelea kupokelewa.

Kwa kuwa wengi wenu ndio mnaanza, nitafafanua istilahi. Skrini ni kile kioo kinachokuonyesha kazi yako, msikiguse. Kiibodi ni ubao wa vitufe vya herufi, leo msibonyeze. Programu ni maagizo ambayo mashine huyafuata bila maswali, kama raia mwema. Faili mnalijua, huwa linapotea ofisini kwangu, ila kwenye kompyuta hupotea kwa kasi ya kisasa. (Kicheko.) Pasiwedi ni neno la kufungulia mashine, nalo ni siri kama bei anayonunulia Gulam sukari. (Kicheko kikubwa. Gulam hacheki.) Na memori ni uwezo wa mashine kukumbuka: huyu Bi Mwanaasha anakumbuka kila nilichoahidi tangu mwaka juzi, hiyo ni memori kubwa mno, na kitaalamu ikijaa hufutwa. (Bi Mwanaasha: "Yangu haifutiki, baba!")

Takwimu zinajieleza. Kati ya kompyuta ishirini, zilizoharibika ni sifuri, zilizoibwa ni sifuri, na umeme uliotumika ni sifuri, ufanisi ambao naamini maprofesa wa Chuo Kikuu cha Mzumbe watapanda mlima kuja kuusoma. (Makofi ya watu watatu waliokuja na gari la Mheshimiwa Mratibu.)

Kijiji Digitali! (Watu wanatazamana.) Nikisema hivyo mnaitikia, "Bofya Maendeleo!" Haya, Kijiji Digitali! (Sauti tatu zilezile.)

Mwisho ni shukrani: kwa mke wangu, kwa dereva wangu, na kwa namna ya pekee kwa fundi rangi Amosi, ambaye, baada ya fungu la vifaa kuishia kwenye semina za maandalizi, alizichora ukutani kompyuta zote ishirini kwa kipaji cha hali ya juu, pamoja na nyaya zake. Bi Mwanaasha, ombi lako la kurudishiwa ghala nimelitafakari kwa uzito unaostahili. Haiwezekani, mama. Mbegu zina vumbi, na rangi bado mbichi. Asanteni sana.