Msimfananishe Bwana Nipo-Njiani na Mheshimiwa

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, ingawa leo zina hasira kidogo. Mchana mimi ni fundi viatu, na jioni ni mtunzi wa ule mchezo wa redio wa kila Ijumaa, wenye yule diwani mwongo aitwaye Bwana Nipo-Njiani. Wiki iliyopita gazeti lako liliandika kwamba diwani wetu wa kweli ni Nipo-Njiani mtupu. Jamani! Nimeumia. Naomba nilalamike kwa mpangilio.

1. Mmemvunjia heshima mtu ambaye hata hayupo duniani ajitetee. Nipo-Njiani ni mwongo, sikatai, nimemtunga mwenyewe. Lakini hudanganya mara moja tu kwa kila kipindi, maana tunapewa nusu saa. Mheshimiwa juzi alidanganya mara tatu kabla hajaketi, na kiti chenyewe akasema kakileta yeye.

2. Mheshimiwa ananiibia. Katika mchezo, Nipo-Njiani alizindua bomba la maji ambalo halikuwapo. Alikata utepe, akakohoa, akaondoka. Jumatatu yake Mheshimiwa akaja kuzindua paa jipya la wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu. Akakata utepe, akakohoa, akaondoka. Paa hatujaliona mpaka leo. Na kile kikohozi wala sikukiandika mimi, mwigizaji wangu alikuwa na mafua!

3. Wasikilizaji sasa wanadhani nasoma taarifa ya habari. Mama mkwe ananiuliza mbele ya wageni ni nani anayenivujishia siri za serikali.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mke wangu ni mkunga wa zahanati hiyohiyo. Mvua ikinyesha, anazalisha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mwavuli. Juzi kuna mtoto amezaliwa, na kabla hata hajalia akapiga chafya. Mke wangu anasema mimi ndiye niliyemfundisha Mheshimiwa ujinga huo, na leo ni siku ya tatu ameninunia. Chai najipikia. Kusema kweli naona aibu, na yeye namwonea huruma.

Kwa hiyo naomba gazeti limwombe radhi Nipo-Njiani kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, pamoja na picha yake. Kwa kuwa hana picha, tumieni ya Mheshimiwa.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mama wa chai, na yule mchora vibonzo anayemchora Mheshimiwa bila shingo. Mwambie asibadilishe kitu.

Mimi niliyekerwa, ila adabu bado ninayo,
Fundi Viatu

N.B. Barua hii usiichape. Kabla sijaituma, Ijumaa ikafika, nami nikaona bora nitafute amani ya nyumbani. Nikaandika kwamba Nipo-Njiani anapanda ngazi na kuezeka paa mwenyewe, kimya kimya, bila utepe. Leo Jumatatu Mheshimiwa amefika zahanati na ngazi, mabati na mafundi wawili. Amekohoa kwanza, kisha akapanda. Mke wangu ameufunga mwavuli, na chai nimepikiwa. Tafadhali sana, Mheshimiwa mfananisheni na Nipo-Njiani kila siku, ikiwezekana asubuhi na jioni. Ijumaa hii Nipo-Njiani ananunua vitanda.