Mkono Mpya Uliokataa Gari la Baba

Umulkheir Jattani,
Bulapesa, Isiolo.
Jumatano, baada ya shule.

Kwa Mkurugenzi Mheshimiwa,
Kiwanda Kilichotengeneza Mkono Huu
(jina la kiwanda lilikuwa kwenye boksi, lakini mbuzi alianzia kula upande huo).

MINT: MKONO WA GURUDUMU USIOINGIA

Salaam aleikum, na kama wewe si Mwislamu, habari ya kazi.

Kwa unyenyekevu naomba dakika zako chache. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita na si mtu wa maneno. Darasani nikijua jibu huliandika kiganjani na kunyamaza. Bahati mbaya, nyumbani mimi ndiye wa kuongea na watu wa mbali. Baba anaongea Kiborana, maduka ya Nairobi yanaongea Kiswahili na Kiingereza, na mimi nimesomea lugha hizo mbili. Kwa hivyo ukiona barua ndefu kutoka kwangu, ujue mambo yameharibika kweli.

Gari letu ni pikapu ya Baba ya kupeleka mbuzi mnadani. Wiki mbili zilizopita barabara ya Gotu ilivunja mkono wa gurudumu la mbele la kushoto, yaani kile chuma cha chini kinachozuia gurudumu lisiende zake. Tukaagiza mwingine kwa simu, ukafika na basi Jumamosi. Jumapili hii dada yangu Fardosa anaolewa kule Kinna, na pikapu hiyo ndiyo ya kumpeleka Akko, nyanya yetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Boksi lilisema mkono unaingia bila marekebisho yoyote. Hauingii. Matundu ya bolti yamepishana na ya gari kwa vidole viwili. Tulipougeuza chini juu matundu yakakutana vizuri, lakini boljointi, kile kichwa kinachoshika gurudumu, ikawa inatazama mbinguni. Baba alisema gurudumu letu haliko huko.

2. Umemvunjia Baba heshima. Gari lake hulifungua mwenyewe, haiti fundi. Sasa jirani yetu Abdirahman, aliyekuja kushika jeki tu, anamuuliza kila akipita, "Mzee, kwani hiyo chuma ni ya gari ama ya kitanda?" Baba alimjibu kwamba ataifunga hata kama ni ya ndege. Hiyo ilikuwa Jumapili. Bado anafunga.

3. Hatuna cha kulinganisha nacho. Mkono wa zamani Baba alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla hata boksi halijafunguliwa, kwa vile alikuamini. Una wateja wangapi wanaokuamini hivyo?

4. Akko amekataa gari lingine lolote. Tulimtajia lile la mjomba lenye kiyoyozi, akasema pikapu ya Baba inajua magoti yake. Tangu Jumatatu amevaa nguo za harusi na kukaa kiti cha mbele, gari likiwa juu ya mawe, ili likipona asiachwe. Chai nampelekea huko huko. Leo ameniambia nifunge mlango polepole, tusije tukachelewa.

5. Mbuzi wa kuuzwa wamekosa usafiri, wakahamia chini ya gari kufuata kivuli, na Baba hana pa kulala akifunga bolti. Mmoja ndiye aliyekula boksi, pamoja na karatasi ya maelezo. Nauliza kwa heshima: kwa nini maelezo yawe na ladha?

6. Fardosa, aliyetangulia Kinna, alipiga simu jana akilia. Bila Akko kumpaka siagi kichwani na kumbariki, yeye hatoki chumbani. Asipotoka, hakuna harusi. Bila harusi, hakuna mume, wala watoto, wala wajukuu wa kumpelekea Akko chai nikizeeka. Ukoo mzima umesimama kwa sababu ya vidole viwili.

Sitaki kubadilishiwa mkono. Umeshatengenezwa, kuulaumu si vizuri. Naomba mtengeneze gari linaloingia kwenye mkono huu. Liwe jeupe, kiti cha mbele kiwe laini, na lifike Isiolo kabla ya Jumamosi. Kama siku hazitoshi, basi mtusogezee Kinna karibu kidogo.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, pamoja na yule anayetoboa matundu. Mwambie sina chuki naye. Baba anakusalimia pia, ingawa si kwa maneno ninayoweza kuandika. Akko anakusalimia kupitia dirishani.

Mimi, ninayekungoja kando ya mawe manne,
Umulkheir Jattani.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, fundi Kinoti amepita akitoka Ngaremara. Hata hakuinama. Ameuangalia mkono akiwa amesimama, akasema, "Mzee, huu ni wa kulia. Si wenu umevunjika wa kushoto?" Baba akataka kujua duka lilikosea vipi. Lakini duka halikukosea. Lilikuwa limeniuliza kwa simu, "Kulia ama kushoto, msichana?" Na mimi tangu nijue kula nimefunzwa kula kwa mkono wa kulia, kupokea kwa kulia, kuingia nyumbani kwa mguu wa kulia. Kumtajia mtu mzima nisiyemjua kushoto niliona ni kukosa adabu. Nikasema kulia, nikashukuru. Nimelijua kosa tangu Jumapili, na nimeandika malalamiko sita ili nisiseme neno moja.

Nimemwambia Baba yote, kwa sauti ya kusikika. Amefuta mikono, kisha akasema hata yeye angejibu kulia. Akko amecheka mpaka Kinoti akakimbilia kushika jeki.

Kwa hivyo futa malalamiko yote. La mbuzi naomba libaki. Kinoti anasema mkono wa kushoto ukipanda basi kesho, Jumamosi tunaondoka. Simu ya kuagiza nitapiga mimi. Kama unamfahamu mwenye duka, tafadhali mwambie apokee, anyamaze, anisikilize. Nitasema "kushoto" na kukata kabla hajaniuliza habari ya asubuhi.