Miche Inayopenda Chumvi

Jumatatu, 4 Agosti

Shangazi Rebecca kapiga simu kutoka Namanga kabla sijanawa uso. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuikagua ploti yake hapa Kitengela, ile aliyonipa nilime na kuishi bure. Mwaka jana sukuma wiki ilikauka. Vitunguu vikakauka. Hata magugu yalikata tamaa. Sasa anasema asipokuta kitu cha kijani kimesimama, ploti inakwenda kwa binamu yangu Felix, ambaye anataka kufungua pahali pa kuosha magari. Felix! Gari lake mwenyewe halijaona maji tangu Pasaka.

Nikifukuzwa hapa, narudi Kajiado kwa mama. Mama ataninyooshea fimbo nikachunge mbuzi. Niko na miaka thelathini na minne na kitambi. Haiwezekani.

Lakini Shangazi hajui niko na miche. Madam Dinah, afisa wa kilimo, alinipa mwezi wa sita kwa majaribio. Maji ya kisima chetu yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu, na shamba limeshaingia chumvi hiyohiyo. Sasa hii ni miche ya malisho inayovumilia chumvi. Jina lake la kisayansi ni refu, mimi naiita mchumvi. Iko kwenye matuta manne. La kwanza linanyweshwa maji ya mvua tupu. La pili, ya mvua na ya kisima nusu kwa nusu. La tatu, ya kisima tupu. La nne, ya kisima na chumvi kidogo juu yake, ambayo Madam anapima mwenyewe kwa kamizani kake. Kazi yangu ni kumwagilia. Aliniambia nisiongeze kitu. Akarudia. Akarudia tena akiwa ameshaingia kwenye gari.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya utafiti. Tuta la kwanza: miche iko sawa, ya kawaida. La pili: imenenepa. La tatu: imenenepa zaidi na inanifika magotini. Yaani chumvi ikipanda, mche unapanda! Sijui kwa nini watu husomea jambo hili miaka minne.

Tuta la nne ndilo limekataa. Miche ni mifupi, majani madogo na mazito, yamejikunja. Nimewaza sana. Jibu ni moja tu: Madam Dinah alikuwa mchoyo wa chumvi.

Nimempigia kuthibitisha. Ameeleza kirefu kwamba mche huu hufurahia chumvi kidogo, lakini ikizidi mizizi hushindwa kunyonya maji hata udongo ukiwa umelowa, na nguvu zote za kukua huishia kwenye kupigana na chumvi. Nadhani ndivyo alivyosema. Felix alikuwa anapima ploti yangu kwa futi ya fundi, kwa hivyo sikusikiliza vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimenunua gunia la chumvi ya ng'ombe. Nimelisukuma kwa wilibaro kupitia katikati ya mtaa. Kila mtu aliuliza ng'ombe wangu wako wapi. Nilisema wako njiani.

Nimemwaga kwenye matuta yote manne, mpaka la kwanza, maana sipendi ubaguzi. Siku tisa zinatosha. Shangazi akifika atatafuta njia ya kupita kwa panga.

Jumamosi, 9 Agosti

Maua! Majani yote yametoa unga mweupe unaometameta. Nimepiga picha nikamtumia Shangazi. Nikamtumia na Felix, bila maneno.

Baadaye nimeonja. Si maua. Mche unatoa chumvi kupitia majani. Nimechuma machache nikatengeneza kachumbari. Nimekunywa maji mpaka jioni.

Jumatatu, 11 Agosti

Miche imelala. Nimemwagilia. Udongo umelowa chepechepe na majani bado yamenyauka. Ajabu. Tuta la nne limekauka kabisa, na la kwanza linalifuata mbio. La tatu linajikaza kiume.

Nimegundua kosa. Chumvi haijafika chini kwenye mizizi. Nimeongeza iliyobaki kwenye gunia.

Jumatano, 13 Agosti

Madam Dinah kaja bila kupiga simu. Kachuchumaa. Kachukua udongo kidogo akagusisha ulimi, akatema. Kauliza nimefanya nini. Nilisema ni upepo wa chumvi kutoka Ziwa Magadi. Akasema huo upepo umesahau gunia lake pale kando ya mlango.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye ndoo muda mrefu akiangalia tuta la tatu, na mimi nikaona aibu kweli. Halafu akang'oa miche mitatu iliyokuwa bado na uhai, akaosha mizizi kwa maji ya mvua, akaipanda kwenye mkebe wa rangi wenye udongo safi. Kikombe kimoja cha maji ya mvua kila asubuhi, basi. "Na basi ni basi, Hillary."

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho Shangazi. Shamba ni kama chapati iliyokauka.

Nimepata wazo. Nimejitolea kupunguza ua wa miti wa kanisa. Pasta alifurahi sana, akaniombea kwa jina. Matawi nimeyaleta kwa wilibaro na kuyachomeka kwenye matuta, safu kwa safu. Kijani tupu! Nimesimama barabarani nikaangalia. Hata mimi nimedanganyika kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike haraka kabla moyo haujabadilika.

Shangazi kafika saa nne, shanga shingoni, Felix nyuma yake na ile futi yake. Shangazi akasimama mlangoni, mkono kifuani. Akasema hakuamini kama ningeweza, na kwamba babu angefurahi. Felix akawa anaangalia viatu vyake. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote maishani mwangu.

Ndipo ngamia wa Burale wakapita. Burale ni jirani, anauza maziwa ya ngamia. Kila siku ngamia wake hupita hapa wakielekea malishoni na hawajawahi hata kunisalimia. Leo yule jike wa mbele kasimama. Kainua pua. Kakanyaga ua wangu kana kwamba haupo na wenzake wakafuata.

Aling'oa tawi la kwanza. Likatoka zima, limechongwa panga upande wa chini. Shangazi akaliangalia tawi. Akaniangalia mimi. Nikaangalia mbingu. Walipomaliza matawi hawakuondoka. Waliinama, wakaanza kulamba udongo, macho wamefumba.

Burale kaja mbio anatoa pole. "Wallahi mama, hizi ngamia hazijawahi kuniaibisha hivi. Tangu tuhamie hapa hazijapata chumvi ya kushiba."

Shangazi akaokota udongo, akaonja. Akacheka mpaka akakaa chini. Alisema akiwa msichana walikuwa wanaswaga ng'ombe safari ndefu kutafuta udongo kama huu, na sasa mpumbavu wa nyumbani kwao ameutengeneza mlangoni.

Ameamua papo hapo. Ploti itakuwa pahali pa mifugo kulamba chumvi, na Burale ndiye msimamizi. Felix ameambiwa aanze na kuosha gari lake. Mimi nimebakiziwa chumba na kona ya kulima, kwa sharti moja: ile miche mitatu aliyoiona kwenye mkebe iwe hai mwisho wa mwezi. Ikifa, Kajiado, na mbuzi.

Jumatano, 20 Agosti

Kikombe kimoja. Sijaongeza kitu. Nakaa juu ya mikono yangu.

Jumapili, 24 Agosti

Jani jipya! Dogo, la kijani, limetokea kwenye mche wa katikati. Nimempigia Madam Dinah. Amefurahi, nimesikia kwa sauti. Amesema maji safi yanaiondoa chumvi kidogokidogo, niendelee vilevile. Nimemwambia nimejifunza. Nilikuwa nakaribia kulia.

Jumatatu, 25 Agosti

Sikulala, nimepiga hesabu. Kikombe kimoja kwa siku kimetoa jani moja. Kikombe!

Nimetoa baiskeli yangu iwe malipo na lori la maji limekuja, maji matamu kabisa, lita elfu kumi. Dereva anauliza tangi liko wapi. Nimemwonyesha mkebe.