Koti na Tai Baada ya Saa Tisa

Jumanne, 15 Julai 2025

Baridi. Mvua saa nane na nusu, kama nilivyotabiri. Hakuna aliyeuliza nilijuaje.

Nieleze kwanza mambo yalivyo, maana siku moja nitaisoma shajara hii nikiwa nimesahau. Klabu yetu iko mtaa wa Elgon View, nyuma ya mikaratusi. Wanachama ni mia moja na kitu. Wanaofika ni kumi na mmoja. Sebuleni mna moto wa kuni katika meko ya ukutani, na kando ya moto kuna kiti cha ngozi. Nimekikalia miaka ishirini na miwili. Kutoka hapo huwaeleza wenzangu mambo: pepo za Ziwa Victoria, udongo wa Uasin Gishu, kwa nini mvua ya huku hunyesha alasiri. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Mtu hawezi kunyamaza ghafla kwa sababu tu amestaafu. Na nyumbani sina msikilizaji. Mke wangu, Chepkoech, amesikia habari za mvua ya alasiri kwa miaka arobaini na sita. Ameomba apumzishwe.

Sasa kuna huyu Obiero. Daktari wa mifugo, mwanachama tangu Mei. Hutoka mashambani moja kwa moja, akavua gambuti mlangoni na kuingia na soksi na ovaroli ya bluu. Leo amesimulia habari za ng'ombe wa Ainabkoi anayekubali kukamuliwa na mtu mmoja tu, mama mwenye boma, akiwa amevaa sweta yake ya kijani. Mama akaenda Nakuru wiki nzima, na sweta akaenda nayo. Mumewe akajaribu kukamua akiwa amevaa rinda la mkewe. Kiptoo, mkulima wa mahindi kutoka Chepsaita, rafiki yangu wa miaka yote, alicheka mpaka akamwaga chai. Zakaria, mwenye malori, akataka kujua rinda lilikuwa la rangi gani.

Rangi!

Viti vyote viligeuzwa upande wa Obiero. Nilikuwa nimefika Mlima Elgon katika maelezo yangu. Hakuna aliyeuliza kilichofuata.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi yote na katiba ya klabu, toleo la 1974. Kurasa zimeshikana kwa unyevu. Kanuni ya thelathini na moja: hakuna atakayeketi sebuleni baada ya saa tisa alasiri bila koti na tai. Haijatumika tangu watu waanze kuvaa sweta. Lakini haikufutwa.

Nilimpelekea Jepchumba, katibu wetu. Akasema hiyo ni ya zamani, Mzee. Nikamweleza tofauti kati ya kanuni iliyofutwa na kanuni iliyonyamaziwa. Nilieleza dakika arobaini. Akatia sahihi ili aende kula.

Tangazo liko ubaoni. Nimelipima kwa rula, liko sawa.

Ijumaa, 18 Julai

Sikulifikiria koti la klabu.

Hili huning'inia mapokezi kwa ajili ya mgeni aliyesahau lake. Rangi ya zambarau iliyozeeka, mabega ya watu wawili, na tai yenye picha za bata. Aliliacha nani, hakuna anayekumbuka. Obiero alipoambiwa habari ya kanuni hakubisha hata kidogo. Alilivaa juu ya ovaroli, akafunga tai, akaingia sebuleni polepole kama mtu anayefungisha ndoa. Kiptoo akasimama na kumwambia karibu, Askofu. Obiero akambariki. Kisha akapekua mifuko na kupata chaki ya biliadi na risiti ya mbegu za mahindi ya mwaka 1988, na risiti hiyo ikasomwa kwa sauti.

Baadaye kila mtu alitaka kulijaribu. Walipiga foleni. Watu wazima, wenye wajukuu.

Kiptoo aliniletea nami. Nikamwambia nina langu.

Jumatatu, 21 Julai

Nililichukua koti asubuhi, nikamwambia Jepchumba kwamba linahitaji kufuliwa. Ni kweli linahitaji. Liko kabatini kwangu, chini ya mablanketi.

Obiero alifika saa tisa na robo. Msumari mtupu. Akacheka, akasema basi leo Askofu hana koti, nitakaa hapo veranda tu. Nikahisi nimeshinda. Dakika mbili hivi.

Nyuma yake alikuja Kiptoo na sweta yake. Jepchumba, ambaye sasa anafuata kanuni kwa bidii iliyozidi, akamzuia. Kisha Zakaria, na kanzu na kofia yake. Jepchumba akanigeukia: je, kanzu? Wote wakanitazama. Ningeweza kusema kanzu ni vazi la heshima kuliko koti lolote la humu. Ndivyo ninavyoamini. Lakini kanuni ikianza kutobolewa tundu, Obiero atapita humo humo. Nikaeleza kwamba kanuni haitazami sura ya mtu.

Zakaria akaniambia, "Mwalimu Kigen, hii kanzu nimekuja nayo hapa miaka kumi na nane. Leo ndio umeiona?"

Hakupandisha sauti. Alichukua kikombe chake, akatoka.

Jumatano, 23 Julai

Sebule yote yangu. Moto mzuri. Tai inabana.

Vivian, mhudumu wetu, alileta chai. Nikamweleza jinsi hewa yenye unyevu inavyopanda kutoka ziwani na kupoa ikifika kwetu. Alisikiliza akiwa amesimama na trei, kwa adabu kubwa. Nilipofika kwenye mawingu akauliza kama naongeza sukari.

Dirisha linatazama veranda. Wameleta jiko la makaa na mablanketi. Nilihesabu vichwa: kumi, pamoja na wawili ambao sijawaona klabuni tangu mwaka juzi. Kicheko kilipenya kioo. Nadhani yule ng'ombe wa Ainabkoi amezaa.

Nyumbani, Chepkoech alikuwa amelifukua koti. Aliuliza ni la marehemu yupi. Nikamweleza yote tangu kanuni ya thelathini na moja. Akasema kama huyo daktari ana hadithi nzuri, si ukae nawe usikilize. Ni mwanamke mwenye akili sana lakini hajawahi kuwa mwanachama wa klabu yoyote.

Alhamisi, 24 Julai

Kiptoo aligonga kioo. Nikafungua kidogo, baridi isiingie.

"Mwalimu, kuja tukae. Hiyo moto yako inachomea nani?"

Akasema wameniwekea kiti karibu na jiko. Ni wazo la Zakaria, eti magoti yangu hayawezi baridi. Obiero naye ana swali: kwa nini mvua ya mawe hupiga Ainabkoi na kuruka majirani? Wamebishana tangu jana, na wamekubaliana kumngoja Mwalimu.

Swali zuri sana. Jibu lake linachukua saa moja na nusu, na kalamu na karatasi. Nilikuwa nimeshashika mikono ya kiti, nainuka.

Kisha nikafikiria nitatoka vipi. Nikitoka na tai, nitachekwa. Nikiivua, nitakuwa nimeikana kanuni niliyoifufua mwenyewe. Nikamwambia Kiptoo nitafikiria. Akasema usifikirie sana, chai inapoa.

Walingoja. Niliona kiti. Saa kumi na moja Zakaria akakiwekea miguu.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepata suluhisho, katika ufafanuzi wa maneno, ukurasa wa tatu: "sebule ni pamoja na veranda yake." Kwa hiyo wote wamekuwa wakivunja kanuni tangu Jumatatu. Hawatakuwa na pa kwenda ila nyumbani kuvaa, na watarudi kwenye moto, na swali la mvua ya mawe litajibiwa mahali pake.

Jepchumba alisoma ukurasa huo mara mbili. Akauliza kama niko sawa nyumbani. Tangazo la pili liko ubaoni.

Jumamosi, 26 Julai

Wamehamia kwenye nyasi. Zakaria amefunga turubai la lori kati ya mikaratusi miwili. Leo ni kumi na wanne. Jepchumba yuko huko, na Vivian anapeleka chai huko kwanza. Mvua ilinyesha saa tisa kasorobo, na nilimwona Obiero akielekeza kidole mawinguni na kueleza kitu. Alielekeza upande usio wenyewe. Nilisema hivyo kwa sauti, hapa sebuleni.

Nimeandika barua kuomba ramani ya kiwanja chote cha klabu. Nataka kuona mpaka wetu unaishia wapi.